Nambari zetu mnazo, safari hii tupigieni simu

Ijumaa ya Machi 26, 2021, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliposema masomo ya ana kwa ana yasitishwe tena, vyuo vikuu vikiwemo, simu yangu ilianza kulia hata kabla hajamaliza hotuba. Makundi ya WhatsApp ya makomredi yalijaa utani. Mmoja akaandika kuwa anarudi ushago kuchunga mbuzi wa babu. Mwingine akauliza kama landilodi naye amesitishwa. Nikacheka kidogo. Halafu nikakumbuka kuwa mwaka jana tulicheka hivi hivi, nikaiweka simu chini.

Wacha niseme mapema nisije nikaulizwa baadaye: mimi si komredi tena. Niliacha chuo mwaka jana nikiwa mwaka wa pili. Katika yale makundi nimebaki tu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunitoa. Kwa hivyo siandiki kama mtaalamu wa afya ya akili, wala siandiki kama msemaji wa wanafunzi. Naandika kama mmoja wa wale walioingia mwaka wa corona wakiwa na nambari ya usajili wakatoka bila.

Na ninalotaka kusema ni moja. Vyuo vilipofungwa mara ya kwanza, kuna wanafunzi waliopotea kimya kimya na hakuna aliyewatafuta. Safari hii watafutwe. Chombo cha kuwatafutia kipo na si ghali. Ni simu.

Turudi nyuma kidogo. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Jumapili iliyofuata, Machi 15, ikatoka amri kuwa shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya Machi 20. Hosteli yetu ilihamwa kama mtu anayekimbia mvua. Nilibeba begi moja. Blanketi, sufuria na viatu vya pili niliviacha chini ya kitanda kwa sababu tuliambizana ni wiki chache tu. Mwenzangu wa chumbani, jamaa wa Baringo, alifunga mlango akanitupia ufunguo. "Wewe ndiye uko karibu, utafika kabla yangu," akasema.

Nyumbani ni Mathare. Chumba kimoja, watu watano: mathe, mimi na wadogo zangu watatu. Pazia limegawanya chumba, upande huu kitanda, upande ule jiko na makochi. Mathe huuza mitumba kando ya Juja Road. Mwisho wa Machi serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mitumba kutoka nje, marufuku iliyodumu hadi Agosti. Marobota yaliyokuwa tayari nchini yakapanda bei, halafu wateja nao wakawa hawana pesa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na saa ile ya watu kutoka kazini, ambayo ndiyo saa ya biashara kwa mama wa mitumba, ikawa ya kukimbizana na polisi.

Siku chache baadaye, huko Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakitekeleza kafyu. Ni jirani zetu kabisa. Tangu usiku huo mathe alitukataza kusimama dirishani giza likiingia. Nataja haya ili ueleweke wakati nikisema "darasa la mtandaoni". Ukisikia maneno hayo ukiwa na chumba chako na meza na Wi-Fi, unapata picha moja. Mimi darasa langu lilikuwa hapo.

Simu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka na betri iliyodumu saa mbili. Bando ya darasa moja ilikuwa bei ya unga wa siku. Ndugu yangu wa darasa la nane alikuwa pembeni akisoma kwa sauti, jirani upande wa pili wa mabati amefungulia redio, na mhadhiri sauti yake inakatika kama anaongea akiwa ndani ya tangi la maji. Siku moja akasema kila mtu awashe kamera ili ajue nani yuko. Nikawasha. Nyuma yangu kulikuwa na pazia, sufuria zilizoning'inia na kanga ya mathe kwenye kamba. Sikumwona mtu yeyote akicheka. Lakini nikazima, na sikuwahi kuwasha tena.

Pesa za Helb zilipoingia, kodi ilikuwa imelimbikizwa miezi miwili. Mkopo wa Helb wakati huo ulikuwa kati ya shilingi 37,000 na 60,000 kwa mwaka, na sote tunajua ni wa nini. Nililipa kodi, nikanunua gunia la mahindi na mtungi wa gesi. Ningeulizwa leo ningefanya vile vile. Karo nikaiacha. Muda si mrefu potali ya wanafunzi ikanifungia: ukiwa na deni, huwezi kuona noti, huwezi kujisajili kwa mtihani.

Sasa nifike mahali penyewe. Watu wakisikia "msongo wa mawazo" hudhani ni kulia. Mimi sikulia. Kwanza nililala sana. Kisha usingizi ukakataa kabisa, nikawa nasikia mathe akiamka saa kumi na moja, anapasha maji, anatembea kwa vidole ili asituamshe, nami nimefumba macho kwa aibu kwamba yeye anatoka na mimi mwanamume mzima nimelala. Nilikaa siku tatu bila kuoga. Chakula kikawa hakina ladha, na hapana, haikuwa corona. Nilisoma ujumbe wa rafiki zangu, nikaandika jibu kichwani, nikaona nimejibu. Kuna siku nilimsikia dada yangu mdogo akimuuliza mathe, "Huyu amekuwaje?" Mathe akajibu, "Amechoka na kusoma." Na nilikuwa sijafungua kitabu wiki sita.

Katika kipindi chote hicho, chuo kiliwasiliana nami mara nne. Nimehesabu, ujumbe bado ninao. Zote nne ni SMS za kompyuta: mwanafunzi mpendwa, salio lako la karo ni hili, tafadhali lipa. Hakuna hata moja iliyouliza mbona siko darasani tangu Mei. Hakuna mhadhiri, hakuna mkuu wa idara, hakuna mshauri nasaha aliyepiga. Na sasa sikia kinachoniuma: nambari yangu walikuwa nayo. Deni langu lilikuwa na mtu wa kulifuatilia. Mimi mwenyewe sikuwa naye.

Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilidhani ni methali ya wanaochelewa kwenye mgao wa nyama. Kumbe yaweza kuwa sera ya chuo kikuu.

Lakini nisijifanye malaika. Yule jamaa wa Baringo niliyeachiwa ufunguo, naye alikuwa na simu na mimi nilikuwa na nambari yake. Mwanzoni tuliandikiana sana. Kwao mtandao ulikuwa hadi upande kilima, na alikuwa anapanda kila asubuhi na daftari, anakaa juu ya jiwe, anaingia darasani na ng'ombe wakipita. Tulimtania kuwa yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Jiwe. Julai yale maputo ya Loon yalipoanza kusambaza intaneti kutoka angani, hata maeneo ya Baringo, tukamwambia sasa mbingu zimemfungukia. (Kampuni hiyo ilitangaza Januari 2021 kuwa inafunga kazi.) Akajibu kwa neno moja: "Poa."

Baada ya hapo alinyamaza. Kwenye kundi, mtu akinyamaza jibu letu ni moja: hana bando. Mwezi ukapita, hana bando. Wa pili, hana bando. Nami nilikuwa nimezama kwenye shimo langu, sikuwa na macho ya kuona shimo la mwingine.

Nilimpigia Februari mwaka huu. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu, naandika vijimakala vyangu mtandaoni, na ule ufunguo niliukuta mfukoni mwa suruali. Simu ikalia sana. Akashika, akakaa kimya hata nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza wa chuo kunipigia."

Alikuwa ameacha kupanda kilima tangu Agosti. Alikuwa ameacha mengi. Bibi yake alimpeleka kuombewa mara mbili. Mara ya tatu muuguzi wa zahanati ya karibu akamwambia bibi, kwa upole, kwamba huyu kijana anaumwa, si kwamba amerogwa. Anapata matibabu sasa. Aliniambia kuna usiku mmoja hakutaka kuona asubuhi, na kilichomzuia ni kwamba bibi aliamka kuangalia kuku. Yaani hivyo tu. Hakurudi chuo milango ilipofunguliwa, na mpaka tunaongea hakuna aliyemuuliza mbona hajarudi.

Sitamtaja jina. Nimemuomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali, akasema tu nisiseme ni wapi hasa.

Najua kuna mzazi anasoma hapa akisema vijana wa siku hizi ni laini. Kwamba wao walisoma kwa koroboi, wakatembea kilomita kumi bila viatu, na hawakuwahi kusikia habari ya sonona. Mzee, shikamoo, na pole kwa hizo kilomita. Lakini mkumbuke nyinyi mlitembea mkiwa wengi. Kulikuwa na wenzenu njiani. Kilichotuvunja mwaka jana si ugumu peke yake. Sisi watoto wa Mathare ugumu tunaujua tangu nepi. Kilichotuvunja ni kwamba tulitolewa mahali tulipojulikana kwa majina, tukarudishwa mahali ambapo sisi ndio tulikuwa tumaini la familia, na hatukuweza tena kuwa tumaini, wala kusema hatuwezi. Mtoto wa kwanza wa ukoo kuingia chuo kikuu anamwambiaje mama yake ambaye hajauza shati wiki nzima kwamba yeye naye kichwa hakifanyi kazi? Anajikaza. Na kujikaza ndiko kunakoua, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa wasichana niliosoma nao hali ilikuwa na uzito wake mwingine. Waliniambia kwamba ukirudi nyumbani, hakuna anayeona mwanafunzi wa chuo kikuu. Anaonekana msichana aliyerudi. Darasa la saa mbili linagongana na uji wa watoto, la saa sita linagongana na chakula cha mchana, na ukikaa na simu unaulizwa unachati na nani. Mmoja alimaliza muhula mzima akisikiliza mihadhara kwa sikio moja, akifua.

Wengine walitoka kutafuta. Kuna niliowaona kwenye mjengo, kuna walioingia boda, na kuna tuliojiandikisha Kazi Mtaani. Awamu ya kwanza ya mradi huo ililipa shilingi 653 kwa siku. Ya pili ikashuka hadi 455. Mimi niliipata ya pili. Niwe mkweli, ile fyekeo ilinisaidia kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa na saa ya kuamka. Msimamizi alikuwa na orodha, na asubuhi aliita majina. Siku moja sikwenda. Saa tatu akanipigia: "Kijana, uko wapi? Uko sawa?"

Msimamizi wa vijana wa kufyeka nyasi alijua kuwa sipo kwa saa mbili. Chuo kikuu hakikujua kwa miezi saba.

Najua vyuo vitajibu vipi, na majibu yao si ya kupuuzwa. Watasema ofisi za ushauri nasaha zipo. Ni kweli, yetu ilikuwepo, nyuma ya jengo la utawala, na milango ilipofungwa ilifungwa pamoja na mshauri ndani ya ratiba yake. Watasema waliweka nambari ya simu kwenye tovuti. Sawa, lakini mtu aliyezama hapigi simu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Ukimngoja aliyezama akupigie, utangoja hadi mazishi. Tena hata akitaka kupiga, apigie wapi? Mimi nilipojaribu hatimaye kuongea na mtu wa ushauri, ilibidi nipande juu ya paa la ploti jioni, katikati ya nguo zilizoanikwa, nikiongea kwa kunong'ona kwa sababu ngazi zina masikio. Chumbani ningeongeaje na mathe amekaa futi mbili?

Watasema pia vyuo havina pesa. Hilo nalo ni kweli. Vyuo vya umma vina madeni, wahadhiri wenyewe wanapigania mishahara yao, na wahadhiri nao ni binadamu waliofunza wakiwa vyumbani mwao na watoto mgongoni. Sidai kila mhadhiri awe daktari wa akili. Lakini hebu tufanye hesabu.

Wiki mbili zilizopita nilichukua orodha ya darasa letu la zamani, ile aliyokuwa nayo kiongozi wa darasa, nikaanza kupiga. Nilipiga kwa jioni mbili, watu kumi na wawili, kredo ya shilingi 250. Tisa walishika. Wanne walisema wako sawa na nikawaamini. Watatu walisema wako sawa na sikuwaamini, kwa hivyo nikauliza mara ya pili, na mmoja wao tukaongea hadi kredo ikaisha. Wawili wameacha chuo kama mimi. Hao watatu ambao hawakushika, nitawapigia tena. Shilingi 250. Wakati huo hiyo ilikuwa smocha tano.

Kwa hivyo ninayoomba si makubwa, na ninayaomba sasa kabla ya wiki hizi kuwa miezi.

Kwanza, kila idara igawe orodha ya wanafunzi wake kwa wahadhiri, viongozi wa darasa na wahudumu wa ofisi, kila mmoja wanafunzi ishirini. Mwanafunzi asipoonekana darasani wiki mbili, apigiwe. Si SMS. Sauti ya mtu. Na swali la kwanza lisiwe karo.

Pili, deni la karo litenganishwe na mlango wa darasa wakati wa janga. Fungeni mahafali, shikilieni vyeti mkitaka, lakini kumfungia mtu noti akiwa nyumbani peke yake ni kumkatia kamba ya mwisho iliyombakisha chuoni.

Tatu, kuahirisha masomo kuwe kwa simu moja na fomu moja, bila faini, na kurudi kuwe rahisi vile vile. Wengi hawakuacha chuo kwa kuamua. Walikosa mtihani mmoja, wakaona aibu, wakakosa wa pili, mwishowe wakaona heri wasirudi. Mlango wa kurudi ukiwa wazi, aibu inapungua.

Nne, mshauri akimpigia mwanafunzi aanze kwa kumuuliza: "Uko mahali unaweza kuongea?" Kama hawezi, wapange saa, au waandikiane. Ni jambo dogo lakini juu ya lile paa ningelithamini sana.

Kwa serikali nina mawili. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake Julai 2020 na kupendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ripoti isomwe, kisha itekelezwe. La pili ni kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, ambacho mwaka 2021 bado kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa na anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria yule rafiki yangu. Angemwambia bibi yake, bibi akamwambia jirani, jirani akamwambia chifu, angepelekwa zahanati au angepelekwa selo? Sheria kama hiyo haimzuii mtu kufikia ukingoni. Inamzuia tu kusema kuwa yuko ukingoni.

Na kwetu sisi wa mtaani, tuache kulitumia jina la Mathari kama tusi. Hospitali ile ilianzishwa 1910, na kutoka kwetu ni mwendo wa miguu, na tangu tukiwa watoto ukifanya kitu cha ajabu unaambiwa "utapelekwa Mathari". Nimekua nikiyaogopa yale malango kuliko jela. Mwaka jana nilikuwa na ugonjwa ambao watu wa kuutibu walikuwa mwendo wa miguu kutoka kitandani pangu, na ningeona heri nife kuliko kuonekana nikiingia. Utani ule ulinichelewesha. Wewe unayeusema leo humjui unayemchelewesha.

Makomredi, sasa nyinyi. Najua mwishoni mwa Machi 2021 mlikuwa nyumbani, wengine mmebanwa Nairobi na kaunti zile nyingine nne kwa sababu ya kufungwa kwa usafiri, kafyu ilikuwa imerudi saa mbili usiku, na mliambiwa mambo ni mtandaoni tena. Kila darasa lina mtu aliyenyamaza. Unamjua. Ni yule aliyekuwa akiandika sana halafu sasa anasoma tu jumbe bila kujibu, au aliyetoka kwenye kundi bila kuaga. Usiseme hana bando. Mwaka 2020 hadi Desemba kutuma M-Pesa ya chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure, na tulitumiana pesa za bando bila kuulizana tulikoamkia. Mpigie. Akisema "niko poa", ngoja kidogo, uulize tena. Huhitaji kuwa na maneno ya hekima. Yule wa Baringo aliniambia hakumbuki hata neno moja nililosema siku ile. Anakumbuka tu kwamba nilipiga.

Na kama wewe unayesoma ndiye uliyenyamaza, sikia. Hujashindwa, na hujawa mzigo. Unaumwa, na huu ni ugonjwa wenye dawa na wenye watu wanaoutibu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure, huhitaji kredo. Kama kuongea ni kugumu, mwambie mtu mmoja sentensi moja tu: "Siko sawa." Mwambie mathe, mwambie kakako, mwambie muuguzi wa zahanati. Mimi nilipomwambia mathe hatimaye, nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ya kujikaza, aliweka chini shati alilokuwa akishona kifungo, akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie. Nilidhani nikikuuliza nitakuvunja." Kumbe tulikaa miezi sita ndani ya chumba kimoja kila mtu akimwogopea mwenzake.

Sijui kama nitarudi chuo. Karo bado nadaiwa, na Helb nao watataka chao kwa masomo ambayo sikumaliza. Rafiki yangu anasema akirudi atanitafuta, na ufunguo wa chumba chetu bado ninao, ingawa nasikia kufuli ilishabadilishwa. Tunaongea kila Jumapili jioni. Jumapili iliyopita alikuwa amepanda tena kile kilima. Hakuwa na darasa. Alisema alitaka tu kunipigia mahali ambapo mtandao haukatiki.